Kunguru Chini ya Mwembe



Tulipokwenda Urambo kuwatazama wenzetu wakulima wa tumbaku, tulifika kwa gari moshi kutoka Tabora. Asubuhi ya pili tulimwona kunguru amekufa chini ya mwembe. Kijana mmoja akamshika mguu, akamtupa kichakani. Tukamwuliza mzee mwenyeji wetu kama habari kama ile hupelekwa kwa mtu yeyote. Akacheka: "Bwana Katibu, kunguru naye atangaziwe tanzia?" Nasi tulicheka, maana hata kwetu visiwani ndivyo tufanyavyo.

Lakini mwaka 1937, katika jimbo la West Nile huko Uganda, wataalamu walikuta ndani ya damu ya mwanamke mwenye homa kirusi kiletwacho na mbu, nacho kikapewa jina la jimbo hilo. Mbu humwuma ndege mgonjwa, kisha humwuma mtu. Watu wengi hawahisi kitu. Wachache hushikwa na ugonjwa wa ubongo, na chanjo ya wanadamu haijapatikana. Mwaka 1999 kirusi hicho kilizuka New York. Kunguru walikufa kwa wingi, na Tracey McNamara, daktari wa wanyama wa Bronx Zoo, akashikilia ya kwamba vifo vya ndege na maradhi ya watu ni jambo moja. Watu 62 waliugua, 7 wakafa. Tangu hapo raia waliombwa kutoa taarifa kila waonapo ndege mfu, ili ijulikane mbu wapigwe vita wapi.

Haki isemwe: ndege wa Afrika hawajulikani kufa hivyo kwa kirusi hiki. Kwetu mpiga mbiu ni mfugo. Homa ya Bonde la Ufa, iliyotambuliwa karibu na Naivasha mwaka 1931, huletwa na mbu baada ya mvua kubwa, na kondoo, mbuzi na ng'ombe huharibu mimba kwa wingi. Mwaka 2007 iliua watu Tanzania Bara.

Sisi tunaoshinda chini ya mikarafuu ndio wa kwanza kuona. Ndege kadhaa wakifa pamoja, au mbuzi wakiharibu mimba mfululizo, mwarifu sheha au bwana mifugo siku ile ile, kwani mzoga uliooza haumfai mpimaji. Usiushike kwa mkono mtupu, wala usiule. Huenda ni sumu.

Mwenyeji wetu ametuandikia. Kijana yule amekubali kutoa taarifa, ila auliza kunguru mmoja hulipwa shilingi ngapi.