Neno moja la Kiingereza, maana nyingi

Katika mapatano ya amani yanayoandikwa kwa Kiingereza tunakuta mara nyingi neno « party ». Wengi wetu tunalijua kama karamu, yaani feti. Lakini lina maana nyingine pia: chama cha siasa, kikundi cha watu wanaosafiri pamoja, mtu mwenye kesi mbele ya hakimu, na upande unaotia sahihi mapatano.

Tukikosea maana, tunaharibu ujumbe. Tuangalie mapatano ya nchi yetu yaliyotiwa sahihi Pretoria, Afrika Kusini, tarehe 17 Desemba 2002. Pande zilikuwa nane: serikali, RCD, MLC, RCD-ML, RCD-N, Mayi-Mayi, upinzani wa kisiasa na mashirika ya raia. Mayi-Mayi hawakuwa chama cha siasa, wala mashirika ya raia hayakuwa chama. Hata hivyo wote walikuwa pande za mapatano, na ahadi zilizoandikwa ziliwafunga wote.

Mfasiri akiandika « vyama », raia atasema: « Hayo ni mambo ya wanasiasa, hayanihusu. » Naye mwenye silaha atapata kisingizio cha kusema kwamba hakuahidi kitu. Akiandika « pande », watu watajua ni nani wa kuulizwa.

Kwa hiyo, kabla ya kusoma mapatano mbele ya watu, tuulize kwanza: hapa neno hili linamtaja nani? Kisha tutaje kila upande kwa jina lake, pamoja na ahadi yake.