Kompyuta ya zamani ya kanisa: tuitupe ama tuifufue?

Katika ofisi nyingi za parokia na za shule zetu, tangu Katana mpaka Bukavu, kuna kompyuta ya mezani iliyofunikwa kitambaa pembeni. Pengine ilikuja kama zawadi, pengine ilinunuliwa kwa michango ya waamini. Siku za kwanza ilifanya kazi vizuri. Leo inachukua dakika kumi kuwaka, ama haiwaki kabisa, na kamati inauliza: tuitupe, tuiuze, ama tuifufue?

Swali hilo si dogo. Ndani ya mashine ile mna majina ya waliobatizwa, hesabu za matoleo, pointi za wanafunzi, na mara nyingine barua za watu waliokuja kuomba msaada kwa siri. Tena, sehemu ya mali iliyomo imetoka kwetu. Bati linalounganisha vipande vya ndani linatokana na kasiterite, kama ile inayochimbwa Nyabibwe, jirani katika Kalehe. Koltani ya Rubaya hutoa tantali, inayotumiwa katika vipande vidogo vya kutunza umeme. Udongo wetu umesafiri mbali sana ili kurudi kama mashine. Si vizuri kuitupa mbio mbio kwenye jalala.

Kwanza, okoa yaliyomo

Kabla ya kufungua mashine, nakili habari zake. Diski ya zamani ina sahani zinazozunguka, mara nyingi 7200 kwa dakika, na kichwa kinachosoma juu yake bila kuzigusa. Ukisikia inagonga "tik, tik", inakaribia kufa. Usianze kujaribu programu mpya juu yake, nakili kwanza.

Fanya nakala mbili zaidi ya ile iliyo katika kompyuta: moja kwenye flashi ama diski ya nje, nyingine ikae mahali pengine kabisa, kwa mfano katika ofisi ya kanisa mjini. Katika eneo letu watu wamekimbia vijiji vyao zaidi ya mara moja. Nakala zikikaa zote katika kabati moja, moto mmoja ama uporaji mmoja unazimaliza zote.

Pili, vumbi na betri ndogo

Kazi ya kwanza haina gharama. Chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki uishe, kisha fungua upande wa sanduku. Gusa chuma cha sanduku kabla ya kugusa vipande, maana umeme mdogo wa mwilini unaweza kuviharibu. Toa vumbi kwa brashi laini na kavu. Shika feni kwa kidole isizunguke unapopuliza. Vumbi likijaa, joto halitoki, na mashine inajipunguzia mwendo ama inajizima. Lakini lile sanduku dogo linalopokea umeme wa ukuta usilifungue: linaweza kutunza umeme hatari hata baada ya kuchomolewa.

Angalia pia ubao mkubwa wa ndani. Vile vipande vinavyofanana na mikebe midogo vikiwa vimevimba juu ama vinavuja, ubao umechoka. Usiwekeze pesa humo.

Halafu kuna betri ya mviringo, kama sarafu, iliyoandikwa CR2032. Hiyo ndiyo inayokumbusha mashine tarehe wakati imezimwa. Ikiisha, kompyuta inarudi miaka mingi nyuma. Risiti za matoleo zinatoka na tarehe ya uongo, na kurasa nyingi za intaneti zinakataa kufunguka, maana usalama wake unategemea tarehe sahihi. Mashine nyingi zinaitwa mbovu kumbe zinakosa betri hiyo tu, nayo ni ya bei ndogo.

Tatu, vipande viwili vya kununua

Ukiwa na pesa kidogo, anza na diski ya SSD. Hiyo haina sahani inayozunguka, kwa hiyo haingoji kichwa kitafute habari huku na huku. Mashine iliyochukua dakika nyingi kuwaka mara nyingi inawaka kwa chini ya dakika moja. SSD ya GB 240 inatosha ofisi ya parokia. Hakikisha mashine ina waya za aina ya SATA.

Kipande cha pili ni RAM. Mashine yenye GB 2 inasumbuka. GB 4 inaweza kazi za ofisi. GB 8 inatosha kabisa. Lakini RAM ni ya aina mbalimbali: DDR2, DDR3, DDR4. Kila aina ina mkato wake mahali tofauti, na moja haiingii katika nafasi ya nyingine. Chomoa ile ya zamani, ipeleke Bukavu kama mfano, na muuzaji akupe inayofanana nayo.

Jihadhari na bandia. Kuna flashi na diski zinazoandikwa uwezo mkubwa kumbe ndani ni ndogo; ukizijaza, mafaili yanapotea. Omba kuijaribu kabla ya kulipa. Programu za bure kama H2testw ama F3 zinaijaza na kuonyesha ukweli.

Nne, programu

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10. Mashine yenye Windows hiyo bado inawaka, lakini mianya mipya inayogunduliwa haizibwi tena kama zamani. Windows 11 kwa upande wake inadai GB 4 za RAM na kipande cha usalama kinachoitwa TPM 2.0, ambacho kompyuta nyingi za kabla ya 2015 hazina.

Njia iliyo wazi ni Linux, ambayo ni ya bure na ya halali. Linux Mint ya aina ya Xfce inaomba angalau GB 2 za RAM. Lubuntu nayo ni nyepesi. Unaiweka kwenye flashi na kuijaribu bila kugusa diski. LibreOffice inaandika barua na kupiga hesabu, na inafungua mafaili ya Word na Excel, ingawa mara nyingine mpangilio wa ukurasa unasogea kidogo. Kwa shule, Kiwix inawezesha wanafunzi kusoma Wikipedia ya Kifaransa na ya Kiswahili bila intaneti.

Tano, umeme

Hapa ndipo wengi wanapokosea hesabu. Kompyuta ya mezani pamoja na skrini yake inaweza kula wati 100. Ikifanya kazi saa 4, ni wati-saa 400. Betri ya asidi ya volti 12 na amperi-saa 100 ina wati-saa 1200, lakini isishushwe chini ya nusu, isije ikafa mapema. Inabaki 600, na inveta inakula sehemu yake. Kwa hiyo betri moja inatosha kazi ya nusu siku tu, na paneli lazima iijaze tena kesho. Pale ambapo umeme ni wa jua peke yake, kompyuta ndogo ya mkononi iliyotumika inaweza kuwa nafuu kuliko kufufua ile ya mezani.

Na mashine iliyotoka Marekani, tazama nyuma yake kama kuna swichi ya 115 na 230. Ikiwa kwenye 115 na ukaichomeka katika umeme wetu wa volti 220, itaungua papo hapo. Chombo cha kulinganisha umeme, ambacho tunakiita stabilizateri, pia ni cha lazima.

Kabla kamati haijaamua

Luka 14 inasema juu ya mtu anayeketi kwanza na kuhesabu gharama kabla ya kujenga mnara. Kamati ifanye vilevile: iandike bei ya SSD, RAM, betri na usafiri. Ikipita nusu ya bei ya mashine nzuri iliyotumika, afadhali kununua hiyo.

Ikiamua kuuza ya zamani, diski isitoke na habari za watu. Kufuta mafaili kwa kawaida hakutoshi, yanaweza kurudishwa. Toeni diski muitunze, ama muipige nyundo mpaka sahani zivunjike. Aliyesimulia masaibu yake ofisini kwa mchungaji hakukubali yasomwe sokoni.

Na kile kisichofufuka, tusichome waya zake ili kupata shaba, wala tusimwage asidi ya betri karibu na chemchemi ama ziwa. Skrini zile nzito za zamani zina risasi katika kioo chake. Zikusanywe mahali pakavu, mbali na watoto, na vipande vizima apewe fundi: feni moja nzuri inaweza kuokoa mashine ya parokia jirani.