Mstari Uliolala

Mtoto wa kike wa miezi tisa ameletwa kwa mafua. Anacheka, anavuta stetoskopu yangu. Mizani inasoma kilo 7.3, na kwenye kadi ya kliniki nukta inaangukia sehemu ya kijani. Daktari anayemwona leo kwa mara ya kwanza, foleni imefika mlangoni, ataridhika. Lakini alipokuwa na miezi sita alikuwa na kilo 7.3. Miezi saba na nusu, 7.3 ileile. Rangi bado ni nzuri ila mstari umelala: mtoto ameacha kuongezeka.

Familia nyingi za Kiwalani na Vingunguti, hapa Dar es Salaam, huzunguka sana na mtoto. Chanjo zahanati, homa ya usiku duka la dawa, ikishindikana hospitali ya Amana. Kila mahali anatibiwa ugonjwa wa siku ile, na hakuna anayejua mwezi uliopita alikuwaje. Ndiyo maana nasisitiza mtoto awe na mtu mmoja wa kumfuatilia. Si lazima awe bingwa wa watoto, maana bado tuko wachache; muuguzi wa zahanati ya mtaani anayelikumbuka jina la mtoto anaweza.

Namuuliza mama mtoto anashinda na nani. "Na bibi yake, dokta. Mimi saa kumi na moja alfajiri nishatoka kwenda sokoni." Na uji? Mwepesi, ili upite kwenye chupa.

Basi hapo ndipo penye ugonjwa. Uji wa umri huu ukae kwenye kijiko bila kumwagika, utiwe karanga zilizosagwa au mafuta kidogo, na mtoto ale mara tatu hadi nne kwa siku, ziwa likiendelea.

Mafua yenyewe hayahitaji antibayotiki. Nampandisha fulana, nahesabu pumzi dakika nzima akiwa ametulia: 38. Kuanzia miezi miwili hadi 11, zikifika 50 tunashuku nimonia. Mwaka mmoja hadi mitano, 40. Mama naye anahesabu, ajue kufanya hivyo nyumbani. Kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, asingoje kukuche.

Kwenye kadi, chanjo ya surua na rubela ya miezi tisa haijawekwa alama. Mafua haya hayaizuii. Anachomwa leo leo.

Baada ya wiki mbili nimemwomba mama arudi na mtoto pamoja na bibi, na kikombe anachokorogea uji.