Ngoma ya Njiani: Mdundiko, Mchiriku na Singeli

Ziko ngoma zichezwazo uwanjani, na ziko ngoma zitembeazo. Mdundiko wa Wazaramo, wenyeji wa pwani ya Dar es Salaam na jirani zake, ni wa namna ya pili. Hupigwa katika shughuli ya kumtoa mwali au ya harusi: wapigaji hutangulia, na watu hufuata wakiimba na kucheza mtaa hata mtaa, hata mfuasi huweza kujikuta mbali na kwao. Njia ndiyo ukumbi wake, na mpita njia ni mtazamaji na mchezaji pia.

Ngoma za pwani hii zimepata makao mengine Bagamoyo, kaskazini ya Dar es Salaam. Chuo cha Sanaa kilianzishwa hapo mwaka 1981, nacho tangu 2007 huitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Hapo ngoma hufundishwa darasani na kuonyeshwa jukwaani, zikiwa na mwanzo na mwisho uliopangwa. Kazi hiyo ina thamani kubwa. Walakini jukwaa huhifadhi umbo la ngoma. Matumizi yake huhifadhiwa na mtaa.

Mtaani umbo lenyewe limebadilika. Katika mchiriku, uliovuma Dar es Salaam miaka ya 1990, ngoma za Kizaramo zilikutana na kinanda kidogo cha Casio na vipaza sauti, na kigoda nacho kikapigwa kwa vijiti. Kundi la Jagwa Music liliupeleka mtindo huo hata Ulaya, na mkusanyo wake wa nyimbo, Bongo Hotheads, ulitoka mwaka 2012. Kisha ikaja singeli ya Manzese, Tandale na mitaa ya jirani, ipigwayo kwa kompyuta na kupita mapigo 200 kwa dakika. Lakini shughuli ni zile zile: harusi na mwali, wanawake katika sare za kanga au madera, na mchezo hata alfajiri.

Mtaalamu wa lugha ana jambo lake hapa. Wimbo wa Man Fongo uliovuma mwaka 2016 waitwa Hainaga Ushemeji. Neno “hainaga” huhesabiwa na wengi kuwa Kiswahili kibovu. Lakini Kiswahili sanifu huonyesha mazoea kwa kiambishi hu-, na hu- haina umbo lake la kukanusha: “huenda” hukanushwa kwa “haendi”, na maana ya mazoea hubaki kukisiwa. Tamshi la mitaani limeziba pengo hilo kwa -ga, ambayo si uzushi wa vijana. Imo katika Kisukuma na Kinyamwezi, na A. E. Meeussen aliihesabu mwaka 1967 miongoni mwa viambishi vya Kibantu cha kale.

Basi kinachodhaniwa kuwa uharibifu huenda kikawa ni sarufi ikijitengeneza. Hatari ni kwamba maneno mengi ya singeli hutungwa papo hapo kwa kumsifu mwenye shughuli, nayo hupotea kunapopambazuka. Ngoma ya jukwaani ina mwalimu wa kuikumbuka. Ya njiani yahitaji mwandishi wa kuifuata, akiandika neno pamoja na mahali, siku na shughuli lilimosemwa, kabla hajaamua kama ni sahihi au ni kosa.