Chati ya Mradi Isipolingana na Kazi

Chati ya maendeleo ya mradi huchora kile tu programu ilichoambiwa, na kosa linalopotosha zaidi liko kwenye asilimia. Microsoft Project, kwa mfano, hukokotoa asilimia ya ukamilishaji kwa kufuata siku, si gharama. Tuseme daraja dogo kwenye mto Nyamwamba, mjini Kasese, Uganda, limepangiwa siku 20 za kuchimba msingi na siku 5 za kumwaga zege. Uchimbaji ukiisha, chati husoma 80%, ilhali saruji na nondo, zinazokula fedha nyingi, bado ziko dukani. Dawa yake ni kuingiza gharama za kila hatua na kusoma maendeleo kwa kipimo hicho.

Kalenda nayo huponza. Programu huanza na wiki ya Jumatatu hadi Ijumaa. Fundi Msabato, anayepumzika Jumamosi na kufanya kazi Jumapili, ataonekana amechelewa au amewahi bila sababu, mpaka kalenda irekebishwe. Siku za mvua kubwa zitengewe nafasi pia: Mei 2020 Nyamwamba ulifurika na kuiharibu Hospitali ya Kilembe.

Mpango wa awali usipohifadhiwa, kila tarehe inayosogezwa hufuta ucheleweshaji machoni. Vilevile, tarehe ya taarifa, ambayo programu hupimia maendeleo, iwe ya siku ya ukaguzi.

Msimamizi na aende kwanza eneo la kazi, apime kilichojengwa, ndipo ajaze asilimia.