Makamasi ya Mbuzi Yanavyosema Maabara

Zizi linafunguliwa alfajiri, na mbuzi mmoja habanduki. Wenzake wameshasukumana mlangoni kuwahi malisho. Yeye amebaki pembeni, kichwa kimeinama, manyoya yamesimama. Matongotongo yamekauka na kugandisha kope. Makamasi yaliyokuwa maji juzi leo ni mazito, yameziba tundu za pua hadi anahemea mdomoni. Ukimfungua mdomo unapokewa na uvundo, na juu ya ufizi unaona utando mweupe kama pumba zilizolowa. Kesho ataanza kuhara, na wengine wawili watakuwa wamesimama pembeni kama yeye. Mfugaji anampigia simu bwana mifugo: "Daktari, njoo na sindano."

Sindano ipi? Swali hilo ni gumu kuliko linavyosikika, na mara nyingi jibu lake haliko zizini.

Dalili hizo zinaelekeza kwenye sotoka ya mbuzi na kondoo, ambayo wataalamu huiita kwa kifupi PPR. Lakini magonjwa kadhaa huja yamevaa nguo hizo hizo. Mbuzi anayekohoa na kuhema kwa shida huenda ana homa ya mapafu ya mbuzi, inayoletwa na bakteria wa jamii ya maikoplasma. Vidonda vyenye magaga midomoni vinaweza kuwa vya orfu. Ugonjwa wa miguu na midomo nao huacha vidonda na kuchechemea. Ugonjwa wa ulimi wa bluu, unaosambazwa na visubi, humvimbisha kondoo uso. Ndui ya mbuzi huanza na homa na makamasi kabla vipele havijatokeza. Zaidi ya hapo, mnyama mmoja anaweza kubeba mawili kwa pamoja, maana sotoka hudhoofisha kinga na kuwafungulia mlango bakteria wa mapafu.

Kukosea hapa kuna gharama. Homa ya mapafu ikiwahiwa kwa antibayotiki, mbuzi wengi hupona. Sotoka ni ya virusi na haina dawa ya kuiua. Antibayotiki hupunguza tu makali ya bakteria wanaodandia. Mfugaji anayetibu sotoka akidhani ni homa ya mapafu hutumia fedha kwenye chupa za dawa wakati ugonjwa unaingia boma la jirani. Na ugonjwa huu unaua: kwa hesabu za Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, kati ya asilimia 30 na 70 ya wanyama wanaoambukizwa hufa.

Hata wataalamu uliwapotosha. PPR ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1942 nchini Côte d'Ivoire, na kwa muda mrefu wengi waliamini kuwa ni sotoka ya ng'ombe iliyozoea mbuzi. Ni mwaka 1979 tu ndipo watafiti walipothibitisha kuwa kirusi chake kinajitegemea, ingawa ni ndugu wa sotoka ya ng'ombe, surua ya binadamu na distempa ya mbwa. Undugu huo usimtishe mchungaji: sotoka ya mbuzi haimwambukizi mtu.

Kwetu Afrika Mashariki, Kenya iliithibitisha mwaka 2006 baada ya kuzuka Turkana. Tanzania iliithibitisha mwaka 2008 wilayani Ngorongoro, na miaka miwili baadaye ilikuwa kusini kabisa, Newala na Tandahimba mkoani Mtwara. Uchunguzi uliowahusisha watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo ulielekeza kwenye mbuzi waliokuwa wamenunuliwa mnada wa Pugu, Dar es Salaam. Kirusi kilisafiri kwa lori mamia ya kilomita, ndani ya pua za wanyama walioonekana wazima sokoni.

Kwa hiyo bwana mifugo anayejua kazi yake hatangulizi sindano. Hutanguliza pamba.

Humshika mbuzi mdomo, huingiza kijiti chenye pamba puani na kukizungusha taratibu hadi kilowe. Kingine hupitisha kwenye kope la chini, kingine kwenye ufizi. Kisha hutoa damu kwenye mshipa wa shingo na kuigawa katika mirija miwili. Mmoja una kifuniko cha zambarau, ndani una dawa inayozuia damu kuganda. Huo ni wa kutafutia kirusi chenyewe. Wa pili una kifuniko chekundu na hauna dawa. Damu huachwa igande ili ile seramu ya rangi ya majani makavu itoke juu, na humo ndimo zilimo kingamwili. Mbuzi akiwa amekufa muda mfupi uliopita, mtaalamu huchukua pia vipande vya mapafu, wengu na matezi ya utumbo.

Uchaguzi wa mnyama una uzito kuliko wingi wa mirija. Mtu huvutwa kumchukua mbuzi aliye hoi, anayehara na kukaribia kufa, kwa kuwa ndiye anayeonekana kuumwa zaidi. Lakini kirusi hujaa zaidi kwenye machozi na makamasi siku za mwanzo, joto la mwili likiwa nyuzi 40 au 41 na makamasi yakiwa bado maji. Mbuzi wa kupimwa ni yule aliyeanza kutoa machozi asubuhi hiyo, na watu bado wanabishana kama anaumwa au la.

Baada ya hapo kazi inakuwa ya barafu. Kirusi cha sotoka ni dhaifu nje ya mwili: jua, joto na sabuni hukiua upesi. Udhaifu huo ni neema kwa mfugaji anayeanika vyombo vyake juani, na ni balaa kwa sampuli iliyosahaulika juu ya dashibodi ya gari. Sampuli ikiharibika njiani, maabara itajibu kuwa haikuona kirusi, na majibu hayo yatasomwa kana kwamba ugonjwa haupo. Ndiyo maana mirija hufungwa tabaka tatu, huwekwa kwenye boksi la barafu, na kila mmoja huandikwa namba, tarehe, kijiji, aina ya mnyama na kama amewahi kuchanjwa.

Katika maabara, sampuli huulizwa maswali mawili tofauti. La kwanza: kirusi kimo humu sasa hivi? La pili: mwili wa mnyama huyu umewahi kukutana nacho?

Swali la kwanza hujibiwa vizuri zaidi na kipimo cha vinasaba, PCR, ambacho Waswahili wengi walilisikia jina lake wakati wa UVIKO-19. Kirusi cha sotoka hubeba maelekezo yake kwenye RNA. Mtaalamu huitoa kwenye makamasi, huinakili kuwa DNA, kisha mashine hupandisha joto hadi karibu nyuzi 95 na kulishusha, tena na tena. Kila mzunguko huongeza nakala mara mbili: moja inakuwa mbili, mbili nne, nne nane. Mizunguko 30 ikienda sawasawa, nakala moja imezaa zaidi ya bilioni 1, na kilichokuwa hakionekani sasa kinasomeka. Pamoja na sampuli za mbuzi, mtaalamu huweka pia mrija wa maji matupu. Maji hayo yakionyesha kirusi, majibu yote ya siku hiyo hutupwa na kazi huanza upya, kwa sababu uchafu umeingia mahali.

Swali la pili hujibiwa na ELISA. Kipimo hiki hufanyikia kwenye trei ya plastiki inayoenea kiganjani, yenye visima vidogo 96, kila kimoja kikiwa kimepakwa protini ya kirusi. Mtaalamu hudondosha seramu. Ikiwa mbuzi aliwahi kuugua au kuchanjwa, kingamwili zake huing'ang'ania protini ile na kujaza nafasi. Kisha humiminwa kingamwili za maabara zenye kimeng'enya kinacholeta rangi. Zikikuta nafasi zimejaa, hukosa pa kukaa, zikaoshwa. Matokeo yake huchanganya macho ya mgeni: kisima chenye rangi kali ni cha mbuzi asiyewahi kukutana na kirusi, na kile kilichobaki bila rangi ndicho chenye habari.

Hapo ndipo penye fumbo kubwa la ugonjwa huu. Chanjo inayotumika zaidi, iitwayo Nigeria 75/1, hutengenezwa kwa kirusi hai kilichopunguzwa makali, na kinga yake hudumu miaka mitatu au zaidi. Ni chanjo nzuri sana. Lakini kingamwili zake hazitofautiki na zile za ugonjwa. Kisima kikikosa rangi, hakisemi kama mbuzi aliugua au alichanjwa.

Wataalamu hutegua fumbo hilo kwa kuangalia meno. Mbuzi mwenye meno ya utoto, aliyezaliwa baada ya kampeni ya chanjo kwisha na aliyevuka umri wa kulindwa na maziwa ya mama yake, hana sababu ya kuwa na kingamwili. Akionekana nazo, kirusi kinatembea kijijini hata kama hakuna aliyeripoti kifo. Na kikipatikana kirusi chenyewe, vinasaba husomwa kujua ukoo wake kati ya koo nne zinazojulikana. Chanjo ni ya ukoo wa pili. Virusi vinavyopatikana zaidi Afrika Mashariki ni vya ukoo wa tatu na wa nne. Kwa njia hiyo mnada, njia ya malisho na mpaka uliovukwa huweza kufuatiliwa.

Kuna pia kipimo cha haraka, kilichotengenezwa na taasisi ya Pirbright ya Uingereza, kinachofanana na kile cha malaria cha zahanati. Makamasi yaliyochanganywa na maji ya dawa hudondoshwa kwenye kibao, na mstari hutokea kwa dakika chache, hapo hapo zizini. Mstari ukitokea, afisa ana haki ya kuchukua hatua siku hiyo hiyo. Usipotokea, sampuli iende maabara vilevile, maana kipimo hiki hakioni kirusi kichache kama PCR.

Kazi hii yote ina mwisho unaofikika. Mwaka 2015, mjini Abidjan, katika nchi ile ile ulikoelezwa ugonjwa huu kwa mara ya kwanza, FAO na Shirika la Afya ya Wanyama Duniani walizindua mkakati wa kuitokomeza PPR ifikapo 2030. Si ndoto. Sotoka ya ng'ombe ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011, kwa msaada wa chanjo iliyotengenezwa Muguga, Kenya, na Walter Plowright. Na ushahidi kwamba imekwisha kweli ulitoka kwenye visima vya ELISA: nchi ziliacha kuchanja, zikapima ndama waliozaliwa baadaye, na hawakukutwa na kingamwili. Mbuzi na kondoo wanangoja kipimo hicho hicho, nao hawajui mipaka. Mwaka 2024 ugonjwa huu ulifika Ugiriki na Romania.

Tanzania ina Wakala wa Maabara ya Veterinari, makao makuu yake Temeke, na maabara za kanda mikoani. Kenya ina maabara kuu ya Kabete. Mashine zipo na wataalamu wapo. Kinachopungua mara nyingi ni kile kijiti cha pamba kilicholowa makamasi ya siku ya kwanza, na hicho hakiwezi kupatikana bila mfugaji.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Ukimwona mbuzi wako ametoa machozi na makamasi, na ufizi umeanza utando, mtenge. Usimpeleke mnadani, usimgawie jirani, wala usimchome dawa kabla hajachukuliwa sampuli. Mpigie simu afisa mifugo siku hiyo hiyo, na akija mwonyeshe yule aliyeanza kuumwa leo. Huyo ndiye mbuzi atakayewaokoa wengine.