Mlango wa Pikapu Hupimwa, Hauulizwi Jina

Kabati, kwenye barabara ya Kibwezi–Kitui–Migwani, pikapu za miaka ya tisini bado zinabeba ndengu, mbuzi na mitungi ya maji. Injini ikifa, fundi hakosekani. Mlango ukioza au ukigongwa, mwenye gari hukwama, kwa kuwa huanza na swali lisilomsaidia: mlango wa gari la jina hili na mwaka huu uko wapi? Jina hudanganya. Isuzu TF, tuliyoizoea kama TFR, ilitoka mwaka 1988 na kuuzwa Australia kama Holden Rodeo na Uingereza kama Vauxhall Brava. Majina matatu, bodi moja. Kinyume chake, pikapu mbili za jina moja na mwaka mmoja zinaweza kukataliana, maana mlango wa mbele wa dabo kebini mara nyingi ni mfupi kuliko wa singo kebini.

Ndiyo maana fundi wa bodi hujibu kwa futi ya kupimia. Hupima umbali kati ya bawaba ya juu na ya chini, kisha kutoka bawaba hadi kitasa. Vipimo hivyo vikikubali, raba hubadilishwa, na kioo na mashine yake huhamishwa kutoka mlango wa zamani. Lakini kabla ya kuuhukumu mlango uliopo, huufungua, akaushika kwa ncha na kuuinua. Ukicheza juu na chini, huenda bati ni zima na kilicholika ni pini na bushi za bawaba, vitu ambavyo fundi wa mashine ya kukereza huvichonga upya. Anapofunga mlango mwingine, hung'oa kwanza ile pini ya nguzoni inayoshikwa na kitasa, kwa kuwa pini hiyo huubeba mlango uliolegea na kuuficha ubovu wake. Mlango ukikaa sawa bila pini hiyo, ndipo bolti hukazwa na pini kurudishwa. Usipokaa, huenda nguzo ndiyo iliyopinda, na hakuna mlango wa kununuliwa utakaoiponya.

Kuna watakaosema ni nafuu kununua mlango mpya wa kuiga. Ni kweli pale nguzo iko wima na mwigo una vipimo sahihi. Lakini rangi inayong'aa si kipimo, na mwanya ukibaki, vumbi la Kitui litaingia tu. Wengine watasema gari hilo liuzwe. Anayesema hivyo aeleze mkulima atabebea nini mavuno msimu ujao.

Pingamizi zito ni jingine. Kenya hairuhusu gari la mtumba lililozidi miaka 8 kuingia nchini, hivyo milango mingi ya pikapu hizi itazidi kutoka kwa zile zilizofia humu humu. Namba ya chasisi iko kwenye fremu. Mlango ukishatolewa hauna cheti, na mnunuzi hawezi kujua kama ni wa wizi. Muuzaji wa Kirinyaga Road, Nairobi, angeweza kuandika kwenye risiti namba ya gari ulikotoka, na mnunuzi wa Kabati angeweza kuidai. Lakini ikiwa mlango wenye risiti hiyo ni ghali kuliko usio nayo, nani atakubali kulipa tofauti?